Dinosaria wala nyama: Mawe ya Turkana na Tendaguru yanatueleza nini?

ANAYESAFIRI kutoka mji wa Kitui kuelekea Mwingi hupita Migwani, kituo cha biashara kilichozungukwa na vilima vya mawe, mashamba ya mtama na mawele, na mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa mchanga mtupu. Mawe ya huko ni makongwe. Mtoto anayechunga mbuzi juu yake, na ambaye amewaona dinosaria katika filamu au kitabu cha shule, ana haki ya kuuliza swali ambalo wakubwa wake hulikwepa: je, wanyama hawa waliwahi kupita hapa?

Jibu fupi ni kwamba mawe ya Migwani hayana uwezo wa kutueleza. Jibu refu lina manufaa zaidi. Linaonyesha jinsi binadamu alivyoweza kujua habari za wanyama ambao hakuna jicho la mtu lililowahi kuwaona, na linatufikisha katika maeneo mawili ya Afrika Mashariki yenye mifupa ya dinosaria wala nyama: Tendaguru nchini Tanzania, na Turkana hapa Kenya. Aidha, linatukumbusha kuwa katika kazi ya kutafuta mifupa iliyogeuka mawe, watu wa Ukambani wamekuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia.

KWA NINI SI MIGWANI

Mfupa hauwi kisukuku kwa kulala tu ardhini. Mzoga ulioachwa juani huliwa na fisi, hupasuliwa na jua na kumalizwa na mchwa. Ili mfupa uhifadhike sharti ufunikwe mapema na tope au mchanga, kama inavyotokea kando ya mto unaofurika au ziwani. Tabaka hufuata tabaka, na kwa muda wa maelfu ya miaka madini yaliyomo majini huingia ndani ya mfupa na kuugeuza jiwe. Hivyo visukuku hutafutwa katika miamba iliyotokana na tope na mchanga, yaani miamba ya mashapo.

Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekaa juu ya miamba ya aina nyingine. Ni miamba geu, iliyopikwa kwa joto na kubanwa kwa nguvu chini sana ya uso wa dunia wakati mabara ya kale yalipogongana. Ni sehemu ya ule ukanda mrefu ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji, na ilipata umbo lake zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Dinosaria wa kwanza walitokea takriban miaka milioni 240 hadi 230 iliyopita, na wale wasiokuwa ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo mawe haya yalikuwa tayari ni mazee dinosaria wa kwanza alipoanguliwa.

Upande wa pili kuna Uwanda wa Yatta, ule ukuta mrefu unaoonekana kwa mbali, wenye urefu wa takriban kilomita 300. Huo ni mto wa lava ulioganda kiasi cha miaka milioni 13 iliyopita, zaidi ya miaka milioni 50 baada ya dinosaria kuangamia. Jiwe moja ni kongwe mno, jingine ni changa mno. Kurasa za katikati hazipo katika kitabu hiki.

Haimaanishi kwamba dinosaria hawakukanyaga ardhi hii. Walienea katika kila bara, hata Antaktika. Inamaanisha tu kwamba ushahidi wao ni lazima utafutwe mahali ambapo tope la enzi zao limebaki.

JAMAA ZA KUKU

Dinosaria wakubwa wala nyama wako katika kundi ambalo wataalamu huliita theropodi. Wote walitembea kwa miguu miwili. Mifupa yao mingi ilikuwa na uwazi ndani, na wengi walikanyaga kwa vidole vitatu. Walikuwa pia na ule mfupa wa panda ulio kifuani mwa kuku. Anayetaka kuona unyayo wa theropodi hana haja ya kwenda mbali. Autazame wayo wa kuku kwenye tope baada ya mvua, kisha aukuze kwa macho ya akili hadi ufikie upana wa karai.

Ulinganisho huu una msingi. Ndege wametokana na theropodi wadogo, na ushahidi umezidi kuongezeka tangu mwaka 1996, wakati dinosaria mdogo aitwaye Sinosauropteryx alipotangazwa nchini China akiwa na alama za manyoya laini. Mwaka 2012 Wachina walitangaza mnyama mkubwa zaidi, Yutyrannus, mwenye urefu wa mita tisa hivi, naye alikuwa na manyoya. Hata hivyo, vipande vya ngozi vya Tyrannosaurus rex vilivyopatikana vina magamba madogo. Huenda majitu wa nchi zenye joto walipungukiwa na manyoya kama tembo alivyopungukiwa na nywele.

Jambo la pili la kusahihisha ni mkao. Kwa miongo mingi makavazi ya ng'ambo yaliwasimamisha theropodi wima, mkia ukiburutwa chini kama wa kangaruu. Kiunzi cha T. rex kilichowekwa New York mwaka 1915 kilisimama hivyo hadi kilipopangwa upya miaka ya 1990. Sasa inafahamika kwamba mwili ulilala mlalo juu ya nyonga, kichwa mbele na mkia nyuma, kila upande ukiupimia mwenzake kama mizani ya sokoni. Nyayo za kale zilizohifadhiwa katika mawe hazina alama ya mkia unaoburutwa.

MENO NA TAYA

Wala nyama hawa hawakuwa na chombo kimoja cha kazi. Allosaurus na jamaa zake walikuwa na meno bapa yenye makali ya msumeno, ya kukata minofu. Kundi la Carcharodontosaurus, ambalo jina lake linatokana na papa mkubwa, lilikuwa na meno membamba mapana mithili ya visu. T. rex alikuwa na meno mazito yaliyonenepa kama ndizi, na pamoja na mzizi baadhi yalifikia sentimita 30. Meno ya aina hiyo huvunja mfupa.

Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitumia kompyuta kukadiria nguvu ya taya ya T. rex. Walipata kuwa jino moja la nyuma lingeweza kubana kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani tatu na nusu au zaidi. Mwaka huohuo wenzao wa Marekani walipima mamba wa maji ya chumvi aliye hai na kupata zaidi ya tani moja na nusu. Anayemjua mamba wa Tana au wa Athi atapata picha. Hata kinyesi kilichogeuka jiwe kimetoa ushahidi: tonge kubwa lililopatikana Kanada, na kuelezwa mwaka 1998, lilijaa vipande vya mifupa iliyosagwa.

Meno hayo yaliota upya maisha yote, kama ya mamba. Jino likivunjika, jingine lilikuwa tayari chini yake. Majungasaurus wa Madagaska, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2019, alibadilisha jino katika kila tundu takriban kila miezi miwili. Ndiyo sababu meno ya theropodi huokotwa kwa wingi mahali ambapo kiunzi kizima hakijaonekana.

HISI, MWENDO NA KUKUA

Ubongo huoza, lakini chumba chake katika fuvu hubaki. Kwa kutumia mashine kama zile za hospitalini za kupiga picha za ndani ya mwili, wataalamu huchora umbo la chumba hicho. Kwa T. rex, sehemu ya kunusa ilikuwa kubwa, na macho yalielekea mbele kiasi cha kumwezesha kupima umbali vizuri. Ile hadithi ya filamu kwamba ukisimama tuli hakuoni haina msingi.

Wala hakuwa na kasi ya gari. Mwaka 2002 watafiti walikokotoa misuli ambayo mnyama wa tani sita angehitaji ili akimbie kilomita 70 kwa saa, wakakuta kwamba miguu ingelazimika kubeba sehemu isiyowezekana ya uzito wote wa mwili. Makadirio mengi ya sasa hayazidi kilomita 40 kwa saa. Lakini mwindaji hahitaji kumshinda swala mbio. Hutosha amshinde yule anayemwinda, na mawindo yake nayo yalikuwa mazito.

Umri wao husomwa kwa kukata mfupa na kuhesabu duara za ukuaji, kama zile za gogo la mti. Jike au dume, hatujui, yule T. rex maarufu aitwaye Sue, aliyepatikana Marekani mwaka 1990 na ambaye yuko Chicago, alikadiriwa kufa akiwa na miaka 28 hivi. Ana urefu wa mita 12 na ushei. Utafiti wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba katika ujana mnyama wa aina yake aliongeza takriban kilo mbili kila siku. Makadirio haya yameendelea kurekebishwa kadiri mifupa mingi zaidi inavyokatwa, lakini picha ya jumla imesimama: walianza wadogo, wakapita kipindi cha kukua kwa kasi, kisha wakapunguza. Kasi hiyo inaashiria mwili uliotumia nishati nyingi kuliko wa mamba au kenge.

Walitaga mayai. Nchini Ureno, mwaka 2013, watafiti walieleza kiota chenye mabaki ya mayai na vijusi vya mla nyama mkubwa aitwaye Torvosaurus. Kwa hiyo jitu la mita kumi lilianza maisha likiwa dogo la kuweza kubebwa mkononi. Katika miaka yake ya kwanza huenda lilikula mijusi na wadudu, na lenyewe liliweza kuliwa.

MWINDAJI AU MLA MZOGA?

Kwa muda mrefu kulikuwa na mabishano iwapo T. rex aliwinda au alikula mizoga tu. Mbuga zetu zinatoa jibu la hekima. Fisi madoa, anayedharauliwa katika ngano kwa kula mizoga, huwinda sehemu kubwa ya chakula chake; na simba, anayeitwa mfalme, humnyang'anya fisi mawindo bila haya. Mla nyama mwenye njaa hachagui sifa.

Mifupa imethibitisha kwamba uwindaji ulikuwapo. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya dinosaria mla majani aliyepatikana Marekani akiwa na jino la T. rex limekwama katika pingili za mkia, na mfupa umeota kulizunguka. Mfupa wa maiti hauponi. Mnyama yule alishambuliwa akiwa hai, akaponyoka, akaishi. Vivyo hivyo, kuna pingili ya mkia ya Allosaurus yenye tundu linalolingana na mwiba wa Stegosaurus. Aliyekwenda kuwinda alirudi na jeraha.

Kuhusu kuwinda kwa makundi, tahadhari inahitajika. Nchini Argentina iligunduliwa mifupa ya Mapusaurus kadhaa, wakubwa kwa wadogo, mahali pamoja. Nchini Kanada kuna eneo lenye mabaki ya Albertosaurus wengi. Wapo wanaosema hayo ni makundi ya kifamilia. Lakini mamba wa Mto Mara hukusanyika kwa wingi nyumbu wanapovuka, na hakuna anayedai kwamba wamepanga njama pamoja. Kufa mahali pamoja si sawa na kuishi pamoja.

Kinachojulikana vyema zaidi ni ugomvi wao kwa wao. Mafuvu mengi yana makovu ya meno usoni, yaliyopona, kutoka kwa wanyama wa jamii moja. Huko Madagaska, mwaka 2003, ilithibitishwa kwamba Majungasaurus alimla Majungasaurus mwenzake: nafasi kati ya alama za meno na mikwaruzo yake zilimlingana yeye, wala hapakuwa na mshukiwa mwingine.

TENDAGURU: MIFUPA ILIYOVUKA BAHARI

Katika nchi zetu, mahali palipotoa dinosaria wengi zaidi ni kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, kusini mwa Tanzania. Mashapo yake ni ya mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita, wakati pwani hiyo ilipokuwa na rasi na mito iliyokutana na bahari.

Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani waliotawala Tanganyika waliendesha hapo uchimbaji mkubwa kwa niaba ya makavazi ya Berlin. Viongozi wake katika vitabu ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba, waliofunga mifupa na kuibeba vichwani na mabegani kwa safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi ni Waafrika, mamia yao, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Zaidi ya tani 200 za mizigo zilisafirishwa. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Ilibidi ipite karibu karne nzima hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja mla majani akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, ambaye jina lake linawaenzi Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na Mohammadi Keranje aliyeongoza uchimbaji wa mifupa yake.

Sifa kubwa ya Tendaguru ni wala majani, hasa Giraffatitan, ambaye kiunzi chake huko Berlin kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wala nyama ni wachache, na hilo lina maana yake. Katika mbuga za Tsavo, zinazopakana na Kitui na Makueni, kwa kila simba mmoja ni lazima wawepo pundamilia, nyati na kongoni wengi. Kanuni hiyo ilitawala Tendaguru pia.

Hata hivyo wachache hao wanavutia. Mwaka 2011 pingili za mkia zilizokaa kabatini kwa miongo zilichunguzwa upya na kupewa jina Veterupristisaurus. Alikuwa mla nyama wa mita nane na nusu hadi kumi, na wakati huo ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote waliojulikana katika lile kundi la meno ya papa. Mwaka 2012 meno mengine yakapewa jina Ostafrikasaurus, yaani mjusi wa Afrika Mashariki. Aliyeyataja alipendekeza kwamba ni ya jamaa wa mapema wa Spinosaurus, mvuvi mkubwa mwenye tanga mgongoni aliyepatikana Misri na Morocco. Wengine hawajakubali, jino ni shahidi, lakini shahidi mmoja hatoshi kumaliza kesi.

Kisa cha kuchekesha ni cha Elaphrosaurus, theropodi mwembamba wa mita sita aliyepewa jina na Janensch mwaka 1920. Ndiye mwenye kiunzi kamili zaidi kati ya theropodi wa Tendaguru, ila fuvu halikupatikana. Kwa miaka mingi alichorwa akiwinda. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulimweka karibu na Limusaurus wa China, mnyama aliyepoteza meno alipokuwa mtu mzima na ambaye huenda alikula mimea. Yaani yule tuliyemjua vizuri kuliko wote miongoni mwa "wawindaji" wa Tendaguru huenda hakuwa mwindaji.

Swali la mifupa hii kukaa ng'ambo halijaisha, na wabunge wa Tanzania wamewahi kulizungumzia. Kuna funzo moja lisilohitaji siasa. Mifupa ya kwanza ya Spinosaurus, iliyotolewa Misri na kupewa jina mwaka 1915, ilihifadhiwa Munich. Mabomu ya Aprili 1944 yaliiteketeza yote. Mfupa uliokwenda mbali na kwao haukuwa salama kwa sababu tu ulikuwa Ulaya.

JITU LA TURKANA

Kenya nayo ina dinosaria wake, ingawa watoto wetu humjua T. rex wa Marekani kwanza. T. rex hakuwahi kuishi Afrika. Mifupa yake imepatikana magharibi mwa Amerika Kaskazini pekee. Wala nyama wakubwa wa Afrika walikuwa wa koo nyingine.

Kaskazini magharibi mwa Ziwa Turkana iko milima ya Lapurr. Huko, kupasuka na kuinuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa kumefichua mchanga uliogeuka jiwe wa kipindi cha Kretasia, na ukame umeliacha jiwe hilo wazi bila kufunikwa na msitu. Tangu miaka ya 2000, watafiti kutoka Marekani na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, akiwamo mtaalamu Mkenya Fredrick Kyalo Manthi, wamekusanya hapo mifupa ya dinosaria wala majani, mamba na theropodi.

Mwaka 2013, Joseph Sertich, Erik Seiffert na Manthi waliueleza mkutano wa wataalamu wa visukuku habari ya jitu mmoja wa Turkana. Ni wa jamii ya abelisauridi, na urefu wake ulikadiriwa kufika mita 11 hadi 12, ukubwa unaomweka mbele ya jamaa zake karibu wote wanaojulikana. Abelisauridi walikuwa wawindaji wakuu wa mabara ya kusini: Carnotaurus katika Argentina, Majungasaurus katika Madagaska, Chenanisaurus katika Morocco. Nyuso zao zilikuwa fupi, shingo nene, na mikono midogo kiasi cha kuifanya ya T. rex ionekane mirefu. Mikono hiyo haikukamata kitu. Kazi yote ilifanywa na kichwa na shingo.

Umuhimu wake hauko katika ukubwa tu. Visukuku vya Afrika vya mwishoni mwa Kretasia ni haba, na vingi vimetoka kaskazini mwa bara. Kila mfupa kutoka Lapurr unasaidia kujibu maswali kuhusu jinsi wanyama walivyoishi baada ya Afrika kutengana na Amerika Kusini na Madagaska, kila nchi ikilea wawindaji wake.

Na tuongeze jambo litakalowafurahisha wapenzi wa lugha. Kiswahili kimeingia katika majina ya sayansi hii. Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria aliyetangazwa mwaka 2010, ametoka kusini mwa Tanzania. Shingopana alifuata mwaka 2017. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, mla majani aliyepatikana karibu na Mto Mtuka, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa mtoto wa Migwani.

MACHO YA UKAMBANI

Kuna uzi unaounganisha Tendaguru, Turkana na Ukambani. Mwaka 1924 Waingereza walianza uchimbaji wao Tendaguru chini ya William Cutler, na msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Kabete, Louis Leakey. Cutler alifariki Lindi mwaka 1925. Leakey aliacha dinosaria, akageukia asili ya binadamu. Yeye na familia yake walipohitaji watu wa kutafuta visukuku, wengi wa waliojitokeza walikuwa Wakamba.

Mashuhuri kati yao ni Kamoya Kimeu, aliyeanza kama kibarua na kuishia kiongozi wa kikosi kilichotambuliwa duniani kote. Mwaka 1964 aligundua taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe zilizofanana nacho kwa rangi. Kipande hicho ndicho mwanzo wa kiunzi cha yule Mvulana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 1985 alipokea nishani ya shirika la National Geographic mikononi mwa Rais Ronald Reagan. Alifariki Julai 2022.

Kamoya hakutafuta dinosaria. Lakini ujuzi ni uleule: kutembea polepole juani, kutazama chini, kutofautisha jiwe na mfupa, na kujua kwamba kipande cha ukubwa wa kiberiti chaweza kuwa ncha ya mnyama mzima. Hakuna kompyuta iliyochukua nafasi ya macho hayo.

MWISHO WAO, NA WAJIBU WETU

Miaka milioni 66 iliyopita kimondo chenye upana wa takriban kilomita kumi kilianguka mahali ambapo leo ni Mexico, kikaacha shimo la kilomita 180 hivi. Vumbi na moshi vilizuia jua, mimea ikafa, wala majani wakafuata, na wala nyama, ambao daima huwa wachache na hutegemea wengi, hawakuwa na pa kushika. Waliopona ni ndege. Jogoo anayewika Migwani alfajiri ni mzawa wa ukoo uleule.

Mvua inayofichua mfupa wa Turkana ndiyo inayouvunja misimu michache baadaye. Usipoonwa kwa wakati hugeuka changarawe, na habari yake huenda nao. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii atoe taarifa, na inakataza kuchimba au kukisafirisha nje bila kibali. Anayeokota jiwe lenye umbo la mfupa au jino basi aliache lilipo, aweke alama mahali hapo, apige picha na kuwajulisha maafisa wa makavazi. Kulitoa mahali pake ni kulikata ulimi, kwa maana tabaka lililolizunguka ndilo linaloeleza umri wake.

Kwa mtoto wa Migwani, basi, jibu ni hili. Jiwe unalolikalia ni kongwe kuliko dinosaria wote, ndiyo maana halina habari zao. Lakini kaskazini mwa nchi yako yako mawe yenye habari hizo, na jitu la mita 12 lililotoka humo bado linasubiri kujulikana vyema. Waliotoka katika vilima kama vyako walikwenda huko na kuona ambacho wengine hawakukiona. Nafasi ya anayefuata ingali wazi.